Damu Isiyoshika Sukari

Maabara nzima ilimwita Hadubini. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu, na hata hicho alikitia mfukoni badala ya kukining'iniza shingoni. Alikuwa mkuu wa maabara katika kliniki ya damu na sukari, mwanamke wa miaka hamsini na miwili, mfupi, mwepesi wa kucheka na mgumu wa kudanganywa. Ukimletea kichupa cha damu kilichokaa juani nusu saa, alikijua kwa kukitupia jicho. Wafanyakazi wenzake walikuwa na utani wao: ukitaka kumficha Hadubini jambo, kwanza hama mji.

Mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumficha jambo, na huyo hakuwa na haja ya kuhama. Alikaa ghorofa ya juu yake, kwenye ofisi yenye kibao cha Mtafiti Mkuu. Wagonjwa walimwita Daktari. Nyumbani aliitwa Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao.

Kitinda alizaliwa miaka kumi na mitatu nyuma ya Hadubini. Katikati yao alikuwapo dada mwingine, aliyefariki akiwa na miaka kumi na tisa kwa siko seli, ugonjwa ule ambao chembe nyekundu za damu hujipinda kama mundu na kuziba mishipa. Wakati huo mama yao alikuwa ameshatangulia, na baba alikuwa mtu wa kuja na kuondoka. Maumivu yakimshika marehemu, Hadubini ndiye aliyembeba mgongoni mpaka hospitali, Kitinda akikimbia nyuma yao na chupa ya maji. Baada ya msiba Kitinda, wakati huo yuko darasa la sita, alisema atakuwa daktari wa damu. Hadubini alimshika mkono siku ile na hakumwachia tena. Alimsuka nywele, alimkagulia madaftari, alimfundisha kulenga lenzi ya hadubini kabla hajafika kidato cha pili. Siku Kitinda alipokula kiapo cha udaktari, dada yake alipiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka siku tatu.

Basi utafiti ulipokuja, Hadubini aliuona kama mtoto wao wawili. Kampuni moja ya dawa ilikuwa imetengeneza kidonge kipya cha kisukari na inatafuta mahali pa kukijaribu kwa watu. Kitinda alihangaika nayo mwaka mzima, akaandika, akasafiri, akabembeleza, mpaka kliniki yao ikachaguliwa. Wagonjwa mia mbili na arobaini wangeingia. Nusu wangeendelea na matibabu ya zamani, nusu wangemeza kidonge kipya, na kila baada ya miezi mitatu wote wangetolewa damu ili ionekane sukari imekaaje. Na katika mapatano yao Kitinda aliingiza jambo ambalo hakuna mwingine angelifikiria: kwa muda wote wa utafiti, kampuni ingeleta pia dawa za watoto wa siko seli wanaotibiwa ghorofa ya chini, watoto mia moja na sitini. Hadubini aliposikia hilo alikaa kwenye ngazi akalia, na hakuona haya.

Wiki moja kabla ya kuanza, Kitinda alishuka maabara mchana amekumbatia rundo la karatasi. Hadubini alikuwa kazini, glavu mikononi, damu ya wagonjwa kumi na wanane mbele yake.

"Dada, saini zako. Wanazitaka kabla ya saa nane."

"Zote hizi? Unaniuza utumwani?"

"Nani atakununua na ulimi huo? Nimekuwekea alama, saini penye alama tu."

Hadubini alicheka, akavua glavu moja, akasaini penye alama, ukurasa baada ya ukurasa, jicho lake likiwa kwenye saa ya mashine. Kisha akavaa glavu mpya akarudi kwenye damu.

Mmoja wa watu wa kwanza kuingia kwenye utafiti alikuwa Shangazi, dada wa baba yao, mwenye umri wa miaka sabini na mmoja. Alikuwa amefanya kazi miaka thelathini na minne katika kiwanda cha uchapaji, akisahihisha maandishi kabla hayajachapwa, na hata baada ya kustaafu hakuachana na kalamu nyekundu. Gazeti lilipoingia nyumbani kwake lilitoka limejaa alama. Alipopewa fomu ya kukubali kushiriki, kurasa tisa, aliisoma yote wagonjwa wengine wakimsubiri, akasahihisha makosa manne ya tahajia, ndipo akasaini.

Shangazi alikuwa na kisukari cha miaka mingi, na alichoka kujidunga sindano. Pamoja na kisukari, alikuwa na siko seli ya kichinichini, ile isiyomlaza mtu kitandani, ambayo yeye mwenyewe hakujua anayo mpaka alipopita miaka hamsini. Alimuuliza Hadubini, si Kitinda: "Wewe mwanangu unaonaje? Niingie?"

"Ingia, Shangazi. Atakayekutazama ni Kitinda. Utapata wapi daktari kama huyo?"

Maneno hayo Hadubini aliyasema kwa kinywa chake, na baadaye hakupata pa kuyaficha.

Shangazi aliangukia nusu ya kidonge kipya, akaacha sindano, na miezi sita ya kwanza ilikwenda vizuri. Majibu ya Shangazi yalikuwa ya kujivunia. Kipimo cha miezi mitatu, kile kinachoonyesha sukari ilivyokaa muda wote huo, kilimpa asilimia sita nukta moja, namba ambayo hata watu wa nusu umri wake waliitamani. Aliiandika kwenye kalenda ya ukutani kwa ile kalamu nyekundu, akaacha kabisa kujitoboa kidole nyumbani. Kwa nini ajitoboe, na kliniki imesema yuko sawa?

Jumapili moja Hadubini alikwenda kumtembelea. Wakiwa wanazungumza, Shangazi alikunywa glasi nne za maji, na mara tatu akanyanyuka kwenda msalani. Alikuwa amekonda. Gauni lilimning'inia mabegani.

"Shangazi, una kiu hivi tangu lini?"

"Joto tu."

"Joto gani na mimi nimevaa sweta?"

Hadubini alitoa kwenye mkoba kile kipimo kidogo cha kutoboa kidole, ambacho hakukosa kutembea nacho. Namba ilipotokea, aliifuta damu akatoboa kidole kingine. Kumi na saba. Hiyo ni sukari ya mtu anayetakiwa kukimbizwa kwa daktari, si ya kuandikwa kwenye kalenda.

Kesho yake alifika kazini kabla ya mfagizi. Kwanza aliitilia shaka mashine. Aliipima kwa sampuli za majaribio, ikawa sawa. Alijipima damu yake mwenyewe, ikawa sawa. Ndipo akatoa kwenye kabati orodha ya washiriki wenye siko seli, kali na ya kichinichini, akawakuta thelathini na mmoja. Kwa kila mmoja aliweka pamoja namba mbili: sukari ya asubuhi kabla ya kula, na kile kipimo cha miezi mitatu. Kufikia saa sita mchana alikuwa ameijaza karatasi, na jibu lilimkodolea macho.

Jambo lenyewe halikuwa fumbo kwa mtu wa maabara. Chembe nyekundu ya kawaida huishi miezi minne hivi, na siku zote hizo sukari huzidi kujishikiza juu yake. Ukipima sukari iliyoshika, unajua mtu ameishije kwa miezi iliyopita. Lakini chembe ya mwenye siko seli hufa mapema, kabla sukari haijaikolea. Ukiipima unapata namba nzuri, na namba hiyo ni ya uongo. Hawa thelathini na mmoja walikuwa wakiambiwa wamepona huku sukari inawala ndani kwa ndani.

Alipanda ngazi mbili mbili. Kitinda aliitazama ile karatasi muda mrefu, akavua miwani, akajipangusa uso.

"Wewe kweli Hadubini," alisema taratibu. "Hili ni zito, dada. Umefanya vizuri sana. Andika barua kwa kamati ya usalama wa washiriki, weka na hii karatasi, nipe mimi. Nitaipeleka kwa mkono wangu."

Hadubini aliandika jioni ileile, kwa mkono, kurasa mbili, akatia kwenye bahasha ya kaki akampa. Baada ya siku tisa Kitinda alishuka maabara akitabasamu.

"Wamejibu. Wanasema walilijua tangu mwanzo. Kuna hesabu watakayoitumia mwishoni kusawazisha zile namba. Tuendelee."

"Na watu wenyewe? Shangazi?"

"Nimeshawaongezea dawa wote. Shangazi nimemrudishia na sindano ya usiku. Yuko mikononi mwangu."

"Nilidhani wangesimamisha."

"Dada." Kitinda alimwekea mkono begani. "Daktari ni nani, mimi au wewe?"

Hadubini alicheka. Ndivyo walivyokuwa wakitaniana tangu siku ya kiapo. Akarudi kazini moyo mweupe, na alipomuuliza Shangazi kama amebadilishiwa dawa, Shangazi alisema ndiyo, Kitinda amempa kidonge kingine chenye rangi ya maziwa. Sindano? Sindano hapana, labda bado. Hadubini alijiambia atamkumbusha mdogo wake. Alimkumbusha. "Nimeshampa maelekezo, huyo Shangazi yako anazifanyia ujanja, si unamjua anavyozichukia," alijibiwa. Na kweli Shangazi alikuwa mjanja wa dawa, kwa hiyo jibu lilimwingia.

Miezi minane ikapita.

Siku moja asubuhi Shangazi alipiga simu, sauti yake ndogo kuliko kawaida. "Njoo, mwanangu. Jicho la kushoto kama mtu amelimwagia wino."

Daktari wa macho alikuwa mwanamume mkimya wa makamo. Alimmulika Shangazi, akaandika, akammulika tena. Kisha akamgeukia Hadubini, maana ndiye aliyemwona anaelewa.

"Mishipa ya nyuma ya jicho imepasuka. Siko seli peke yake inaweza kufanya hivi, lakini hapa kuna na sukari. Sukari imekuwa juu muda mrefu. Mwaka, labda zaidi. Nani alikuwa anamtibu?"

Shangazi ndiye aliyejibu, kwa fahari iliyobaki: "Binti wa kaka yangu. Ni daktari bingwa."

Hadubini alipompelekea Kitinda habari, mdogo wake alishika kichwa, akasikitika, akasema mambo haya hutokea hata kwa wagonjwa wanaotunzwa vizuri. Aliahidi kulifuatilia. Mwezi huohuo utafiti ulifikia tamati, na ikatangazwa siku ya kusoma matokeo.

Ilikuwa katika ukumbi wa mikutano wa kliniki, viti vya plastiki vimepangwa mistari, kitambaa cheupe ukutani, watu wa kampuni mstari wa mbele. Kitinda alivaa suti ya bluu. Alizungumza vizuri, kama kawaida yake. Kidonge kipya kimefanya kazi. Na kundi lililonufaika kuliko yote, alisema akionyesha mstari ulioshuka chini kwa uzuri wa kupendeza, ni washiriki wenye siko seli, kundi ambalo tafiti nyingine huliacha nje. Watu walipiga makofi.

Hadubini aliutazama ule mstari. Alisubiri ile hesabu ya kusawazisha. Akasubiri. Ukurasa ukabadilishwa, ikaja picha ya timu nzima, yeye mwenyewe yumo, anacheka.

Wakati wa chai alimfuata mwenyekiti wa kamati ya usalama, profesa mstaafu wa famasia aliyekuwa akihangaika na kifuko cha sukari kilichogoma kufunguka.

"Shikamoo, Profesa. Mimi ndiye mkuu wa maabara. Nilitaka kuuliza kuhusu ile barua yangu ya mwaka jana."

"Marahaba, mama. Barua ipi?"

"Ya vipimo vya wenye siko seli. Kwamba vinasoma chini. Mlijibu kwamba mtavisawazisha."

Profesa aliweka kikombe mezani. "Mama, kamati yangu haijapata barua yoyote kutoka maabara yako." Alitafuta kwenye kumbukumbu. "Isipokuwa ile ya mwanzo kabisa, kabla ya kuanza. Sisi tulikuwa na wasiwasi huohuo unaousema. Tulitaka wenye siko seli waachwe nje. Ndipo wewe ukatuandikia kuthibitisha kwamba mmeijaribu mashine yenu kwa damu zao na inasoma sawasawa. Tuliwaruhusu kwa sababu ya saini yako."

Hadubini aliomba kuiona. Profesa, mtu wa taratibu, alikuwa na faili kwenye mkoba wake. Alilifungua, akalipekua, akamgeuzia. Karatasi moja, mistari saba, kichwa cha maabara yake. Chini yake saini, ile ya haraka haraka, ya mtu aliyevua glavu moja.

Hakukumbuka alivyopanda ngazi. Alimkuta Kitinda ofisini anavua viatu vya kisigino, uso bado una nuru ya makofi.

"Barua yangu iko wapi?"

Kitinda alimtazama, na ile nuru ikazimika. Hakuuliza barua gani. Angalau hilo alimpa. Alivuta mtoto wa meza wa chini, akatoa bahasha ya kaki, akaiweka mezani. Ilikuwa bado imefungwa kwa gundi.

"Hata kuifungua hukuifungua."

"Nilijua kilichomo. Ulinionyesha karatasi." Sauti yake ilikuwa ya uchovu. "Kaa chini, dada."

"Sikai."

"Ningeipeleka, wangesimamisha siku hiyohiyo. Wakisimamisha, mzigo wa dawa za watoto unakatika. Mia moja na sitini, dada. Unawasikia wanavyolia pale chini maumivu yakiwashika. Kuna mtu anayekijua kile kilio kuliko wewe?"

"Usimtaje marehemu."

"Sijamtaja."

"Umemtaja. Umemtoa kaburini umemweka hapa mezani ili akutetee. Na Shangazi? Uliniambia umemrudishia sindano."

Kitinda alitazama dirisha.

"Kile kidonge cha rangi ya maziwa kilikuwa nini?"

"Vitamini."

Hadubini alishika ukingo wa kabati la mafaili. Alikuwa ameona mengi katika miaka yake ya kazi, watu waliochanganya vichupa, waliobuni majibu kwa uvivu, waliopika takwimu ili waende nyumbani mapema. Hakuwahi kuona mtu anayemwangalia mwenzake akipofuka na kumpa vitamini.

"Ningembadilishia dawa kweli, ingebidi niandike sababu," Kitinda alisema. "Ningeandika sababu, wangeuliza na wale thelathini. Nilifikiri miezi michache tu, tumalize, halafu nitamrekebisha kimya kimya. Sikujua jicho litawahi."

"Na ile karatasi ya mashine. Kwa nini saini yangu?"

"Ilitakiwa ya mkuu wa maabara."

"Ungeniambia."

"Ungekataa."

"Kwa hiyo ukaichanganya katikati ya nyingine."

"Nilijua hutasoma," Kitinda alisema, na sasa alikuwa analia. "Mtu mwingine akikuletea karatasi unaisoma mara mbili. Zangu husomi. Hujawahi kusoma zangu."

Palikuwa na kitu cha upole katika namna alivyolisema, kama mtu anayetoa shukrani, na hicho ndicho kilichomchoma Hadubini kuliko yote. Miaka yote ile ya kumwamini, mwenzake alikuwa ameipima, akajua uzito wake, akaitumia.

Alichukua bahasha yake. Alipofika mlangoni Kitinda alimwita.

"Dada, ukilisema hili, atakayeanguka kwanza ni wewe. Saini ni yako."

Hadubini aligeuka. "Hilo ni onyo au ni kitisho?"

"Sijui," Kitinda alisema. Pengine kweli hakujua.

Jioni ile alikwenda kwa Shangazi. Alimkuta sebuleni ameshika gazeti karibu kabisa na jicho la kulia, kalamu nyekundu imelala mapajani. Hadubini alimweleza yote, bila kurembesha, kuanzia karatasi ya mashine mpaka vitamini. Hakuacha na lile neno lake mwenyewe: ingia, atakayekutazama ni Kitinda.

Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaliteremsha gazeti.

"Alikuwa akinitengea kile kidonge kwenye kiganja," alisema. "Ananiambia, meza Shangazi, hiki ni maalumu kwako. Nami najisifu kwa wenzangu pale kwenye benchi la kliniki." Aliishika ile kalamu nyekundu. "Mtoto niliyemnunulia sare ya kwanza ya shule."

"Nisamehe, Shangazi. Mimi ndiye niliyekwambia uingie."

"Wewe nina kesi nawe, lakini ya kwako ni ya uzembe. Tutaisikiliza siku nyingine." Alipapasa mkono wa Hadubini mpaka akaupata. "Wale thelathini wengine wanajua?"

"Bado."

"Basi unafanya nini hapa?"

Asubuhi Hadubini alibeba ile bahasha, madaftari yake ya kazi ya miaka miwili na karatasi ya namba za watu thelathini na mmoja, akaenda ofisini kwa Profesa. Alivipanga mezani kimoja kimoja. Saini ya kwenye ile karatasi, alisema, ni yake kweli, na hakuisoma. Profesa alimuuliza kama anajua maana ya kukiri hivyo. Alisema anajua.

Mambo yalikwenda haraka kuliko alivyotarajia, na machungu kuliko alivyotarajia pia. Wale washiriki waliitwa wakapimwa upya kwa kipimo kingine, kisichotegemea umri wa chembe nyekundu. Watu ishirini na saba walikutwa na sukari ya hatari. Mmoja, fundi wa redio aliyekuwa mchangamfu kuliko wote kwenye benchi, alikuwa na kidonda cha mguu alichokidharau kwa sababu kliniki ilimwambia sukari yake ni ya mtoto mchanga. Walimkata vidole viwili. Hadubini alikwenda kumwona wodini. Fundi aligeuza uso ukutani, naye Hadubini akakaa pale kwenye kiti mpaka muda wa kutazama wagonjwa ukaisha, kisha akaondoka.

Matokeo ya utafiti yalifutwa. Kitinda aliondolewa kwenye uongozi na leseni yake ikazuiwa miaka mitatu. Hadubini alivuliwa ukuu wa maabara, akahamishiwa kituo cha afya kidogo ambako kazi yake ilikuwa kupokea vichupa dirishani na kubandika namba. Hakukata rufaa. Dawa za watoto kampuni ilizikata kweli, kama Kitinda alivyosema. Wazazi, wauguzi na Profesa mwenyewe walihangaika huku na huku, na baada ya miezi miwili wakapata mfadhili mwingine kwa nusu ya watoto, kisha kwa wote. Katika ile miezi miwili watoto wawili walifariki. Hakuna aliyeweza kusema kwa hakika kama wangepona kwa dawa, lakini Hadubini alikwenda mazikoni kote kuwili, akakaa nyuma kabisa, na hakumwambia mtu yeyote alikuwa nani.

Lililomtesa si adhabu. Ni kwamba kila kumbukumbu aliyokuwa nayo ya mdogo wake ilimtaka aikague upya. Siku ile alipomkumbatia, alikuwa anataka nini? Alipomletea zawadi ya saa, kulikuwa na karatasi gani nyuma yake? Mambo mengine hayakuwa na chochote nyuma yake, alijua, lakini hakuwa tena na namna ya kuyatenga na yale mengine. Aliyatupa yote pamoja, halafu akayaokota, halafu akayatupa tena.

Baada ya mwaka, Kitinda alikuja nyumbani kwa Shangazi bila kutoa taarifa. Hadubini alikuwa akimtia Shangazi matone kwenye jicho lililobaki. Kitinda alisimama mlangoni, amepungua, nywele zimekatwa.

"Hodi."

"Karibu," alisema Shangazi, kwa kuwa ndiyo adabu, na kwa kuwa ni nyumba yake. "Kaa pale nikuone. Hapo hapana, huko sioni."

Kitinda alihamia kiti cha upande wa kulia. Alisema amepata kazi ya kufundisha wauguzi mbali, anaondoka Jumamosi, amekuja kuomba radhi kabla hajaenda. Alipiga magoti mbele ya Shangazi, akayasema aliyokuja nayo, na hakujitetea. Shangazi alimwekea mkono kichwani. Hakusema amesamehe wala hajasamehe. Alisema, "Nimekusikia."

Kisha Kitinda akamgeukia Hadubini.

"Dada."

Hadubini alikuwa akifunga kifuniko cha chupa ya matone. Alikifunga, akakifungua, akakifunga tena.

"Nenda salama," alisema.

"Ni hilo tu?"

"Kwa leo nina hilo tu. Ningekuwa na zaidi ningekupa, unanijua."

Kitinda aliitikia kwa kichwa, kwamba ndiyo, anamjua. Alinyanyuka. Mgeni husindikizwa, na Hadubini hakusogea pale alipokuwa. Shangazi ndiye aliyechukua fimbo yake akatoka naye. Hadubini alibaki sebuleni akisikiliza hatua zao zikienda, fimbo ikigonga, mpaka kimya.

Shangazi alirudi baada ya muda, anahema, akajitupa kitini.

"Amelia njia nzima," alisema.

Hadubini alikuwa amesimama dirishani, mgongo kwa chumba. "Alikuwa akimlilia nani?"

Shangazi alifikiri kwa makini, kama alivyokuwa akifanya zamani mbele ya neno asilokuwa na hakika nalo.

"Hilo," alisema, "sikumuuliza."